Tukusanye Majina Kabla ya Medali

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano mkuu wa chama, Butembo)



Komite imetuomba tuseme juu ya kazi moja ambayo haina nafasi yake katika raporo zetu. Raporo za tereni zinahesabu mabashe, masufuria, mbegu za maharagwe, watoto waliorudi shuleni na nyumba zilizopata mabati. Ni vizuri vihesabiwe. Lakini kila tunapoandikisha familia iliyorudi, tuko na swali moja tunalouliza: "Mlipokimbia, mlibeba nini?" Majibu ni yale yale: watoto, sufuria, kadi ya uchaguzi, godoro kama kulikuwa na mtu wa kulibeba. Na mara kwa mara kuna mtu anayesita kidogo, anafungua fundo la kikwembe, anatoa kitu kidogo kilichofungwa katika kitambaa. Ni medali.

Tumeona za namna tatu. Za kwanza ni za wakati wa Wabelgiji: za vita, za kazi, na zile ambazo koloni iliwapa machifu ili wavae kifuani kama alama ya kutambuliwa. Za pili ni za dini: za jubilei ya parokia, za Bikira Maria, za Anuarite, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri kule Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Za tatu ni za sherehe za nchi. Hapa mingi si medali yenyewe. Mtu ana kikwembe cha 30 Juni 2010, miaka 50 ya Uhuru, ama ametunza ile noti ya franka 500 ambayo Banki Kuu ilitoa mwaka ule kwa kumbukumbu. Sisi tunaviweka vyote katika ukoo mmoja. Ni vitu vilivyotengenezwa ili siku fulani isisahauliwe.

Leo tunataka kuwaambia jambo moja juu ya vitu hivi, na tunaomba likamatwe vizuri, juu kuna mipango inayokuja na kuna pesa inayokuja. Ni hili: tukianza kukusanya medali, tutapata chuma. Tukianza kukusanya majina, tutapata medali pamoja na watu wake.

Mnunuzi anapita mlangoni

Wengi wenu mnawafahamu wale wanaopita katika vijiji na katika makartie wakiuliza kama kuna vitu vya zamani: franka za Wabelgiji, saa za ukutani, medali. Hatuwaiti wezi. Wanaomba, wanalipa, wanaenda. Lakini wanafika pale njaa imekwisha fika.

Mama mmoja wa upande wa Oicha alitueleza vile alivyojibizana na mmoja wao. Mnunuzi alimwambia: "Mama, hii ni chuma ya bure, nakupatia tu pesa ya unga." Naye akamjibu: "Kama ni ya bure, unaitafutia nini?" Tulicheka, na yeye alicheka. Juma lililofuata mtoto alikamatwa na malaria, na medali ikaenda. Hatumlaumu hata kidogo. Mtoto ni mtoto, na chuma ni chuma.

Kilichotuumiza ni jibu lake tulipomwuliza kama anajua babamukwe alipewa ile medali juu ya nini. Alisema: "Mimi nilikuta inatundikwa ku ukuta. Mwenye kujua alikufa."

Basi siku ile medali ilitoka nyumbani, lakini hadithi yake ilikuwa imetoka zamani. Hata kama tungekuwa na pesa ya kuikomboa, tungekomboa kitu ambacho hakiwezi kutuambia neno. Hapo ndipo tulianza kufikiri kwamba kazi ya kwanza si kumkimbiza mnunuzi. Kazi ya kwanza ni kumkimbilia mzee.

Medali haina jina

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na linabadilisha hesabu yote. Katika vita vya 1914–1918 Waingereza waliandika namba na jina la askari kwenye ukingo wa medali. Ukiokota moja ya mtu wa King's African Rifles kule Uganda ao Kenya, unaweza kuigeuza pembeni na kusoma ilikuwa ya nani. Wabelgiji hawakuwa na desturi hiyo. Medali zao walizipa watu bila jina. Jina liliandikwa kwenye karatasi, ile wazee wanaita breve, iliyotolewa pamoja na medali.

Sasa fikirini wenyewe. Karatasi ndiyo inaungua kwanza. Nyumba ikichomwa, breve inakwisha na medali inabaki kwenye majivu. Mvua ikipita kwenye nyasi za paa, karatasi inaoza na medali inabaki. Tukikimbia usiku, chuma kinaingia mfukoni, karatasi inabaki sandukuni. Kwa hiyo kwetu sisi watu wa Beni, Mbau, Eringeti na Kamango, waliokimbia mara moja, mara mbili, mara nne tangu Oktoba 2014, kilichobaki mara nyingi ni chuma bila jina. Na jina likiwa halipo kwenye chuma wala kwenye karatasi, liko katika kinywa cha mtu mmoja ao wawili wenye umri mkubwa. Wakienda, limekwenda.

Mnunuzi mwenyewe anajua hayo. Medali yenye breve na picha ya mwenyewe ina bei nyingine kabisa mbele ya wakusanyaji wa Ulaya. Ile isiyo na kitu inatupwa katika sanduku pamoja na zingine, kwa bei moja. Kumbe hata sokoni jina lina thamani kuliko shaba. Sisi wenye majina ndio tunayaacha bure.

Kile ambacho chuma hakisemi

Tuchukue mfano wa vita vya kwanza. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Ubelgiji ulitengeneza medali ya kumbukumbu ya vita vile vya Afrika, ya 1914–1917. Askari walipewa. Lakini jeshi lile lilitembea kwa miguu ya nani? Risasi, chakula, mahema, vyote vilibebwa na wapagazi. Wanahistoria wanasema Kongo ilitoa zaidi ya wapagazi 200,000 kwa vita ile. Medali ya 1914–1917 inaonyesha askari alifika. Haionyeshi aliyembebea mzigo, wala aliyekufa njiani kwa kuhara na baridi ya milima.

Kwa hiyo tukikuta medali moja ya Tabora katika familia, swali letu si moja. Tunauliza: nani alivaa? Na tunauliza tena: nani kutoka kijiji hiki alienda naye, akarudi bila kitu? Nani hakurudi? Mzee akianza kutaja medali ya mmoja, anataja wapagazi watatu. Ndivyo inavyokuwa. Chuma kinafungua kinywa, kiisha kinywa kinapita chuma.

Vita vya pili ni vile vile. Force Publique ilipigana na Waitalia kule Abisinia, na Saïo ikaanguka mwanzo wa Julai 1941. Wengine walifika Misri, wengine Birmania. Kulikuwa na medali kwa askari, na kulikuwa na medali nyingine kwa "juhudi ya vita" ya koloni. Lakini juhudi ile ilifanywa na nani? Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Miezi minne ya kila mwaka: barabara, mpira, mashamba ya lazima. Wazee wetu walikuwa humo. Hakuna aliyewatundikia kitu kifuani.

Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimpa nishani mzee Albert Kunyuku, askari wa zamani aliyepita Birmania, mwenye umri wa miaka 100. Tulifurahi pamoja na nchi yote. Lakini tuseme ukweli: alipewa kwa sababu alikuwa bado yuko, na kinywa chake kilikuwa bado kinaweza kusema "nilikuwa kule". Wangapi upande wetu, huku Lubero na Beni, walikufa wakiwa na medali ukutani na hakuna aliyewauliza?

"Lakini hizi ni medali za mkoloni"

Vijana wametuuliza swali hili, na wana haki. Wanasema: kwa nini tutunze alama za watu waliotupiga fimbo? Tunajibu hivi.

Hatuzitunzi ili kusifu. Tunazitunza sawa vile mtu anatunza karatasi ya deni. Medali ya chifu inaonyesha nani alichaguliwa na serikali ya koloni, na inatufanya tuulize nani aliachwa, na mashamba yaligawanywa vipi kiisha pale. Kadi ya merite sivike iliyoanza 1948 inaonyesha namna mtu mweusi alivyopaswa kuthibitisha kwamba "amestaarabika" ili apewe heshima kidogo katika nchi yake mwenyewe. Huo ni ushahidi. Ukitupa ushahidi, aliyekukosea hadaiwi tena.

Mzee mmoja alitusimulia kwamba mwaka 1964, Wasimba walipokuwa wanakaribia, baba yake alizika medali chini ya mgomba, juu kuonekana nayo kulikuwa sawa na kuitwa mtu wa serikali. Kwa hiyo kitu kimoja kilimpa mtu heshima mwaka fulani na kingeweza kumwua mwaka mwingine. Ni kipi kinachoeleza historia yetu kuliko hicho? Lakini bila maneno ya mzee, wewe ungeona tu kipande cha shaba chenye kutu na udongo.

Medali yenye jina inafika mbali

Sasa tuje kwa siku zetu, kwa sababu medali za Beni hazikuisha na Wabelgiji.

Askari wa Umoja wa Mataifa wanaotumika huku wanapewa medali ya misioni yao wakitimiza siku 90. Wengi wenu mmeona sherehe zile, askari wamepangwa mistari na bendera zinapepea. Lakini kuna medali moja ambayo tunataka mjue kisa chake.

Tarehe 14 Novemba 2018, katika mapigano upande wa Kididiwe, karibu na Beni, askari wa Malawi, Chancy Chitete, alirudi chini ya risasi kumkokota mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa. Mtanzania aliishi. Chitete alikufa. Tarehe 24 Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa, yeye akiwa kaburini, medali inayoitwa kwa jina la Kapiteni Mbaye Diagne, askari wa Senegali aliyeokoa watu Kigali mwaka 1994 na kuuawa kule.

Angalieni medali ile ina vitu gani. Ina jina la aliyepewa. Ina jina la yule inayeitwa kwa jina lake. Ina siku, ina mahali, ina jambo lililofanywa, na ina mtu aliyeokolewa anayeweza kusimama na kushuhudia. Ndiyo maana leo mtoto wa Malawi anaweza kujua kwamba kuna mahali panaitwa Beni na kilichotokea pale. Hiyo ndiyo medali iliyo kamili.

Sasa, upande wetu. Mwenye shamba aliyeficha familia sita ndani ya kakao usiku ule wa mashambulizi. Kijana wa pikipiki aliyerudi kuchukua wazee ambao hawawezi kutembea. Muuguzi aliyebaki kwenye kituo cha afya kila mtu alipokimbia. Wale vijana waliozika wafu wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ugonjwa ule uliochukua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, huku majirani wakiwatupia mawe. Hao wana nini? Wengine wana jile ya zamani na baji ya plastiki. Na sisi tunasema: ile baji pia ni medali. Iandikwe.

Mnakumbuka Februari 2023, Papa Fransisko alipokutana Kinshasa na watu walioumizwa na vita vya Mashariki. Watu wa kwetu waliweka panga chini ya msalaba. Panga ni kitu cha kila nyumba. Hakuna mkusanyaji angelitafuta. Lakini pale lilikuwa na mtu wa kulisemea, na dunia ilinyamaza. Kitu kikiwa na mtu wa kukisemea, kinakuwa kikubwa. Kikiwa peke yake, kinangojea bei.

Miaka 100 inakuja

Tulisema kuna mipango inayokuja. Mwaka 1929 mapadri Waasumpsioni walifika kwa kazi ya misioni katika eneo letu. Mwaka 1938 ikawa vikariati ya Beni chini ya Monsinyore Henri Piérard, mwaka 1959 ikawa diosezi, na mwaka 1967 ikachukua jina la Butembo-Beni. Kwa hiyo 2029 itakuwa miaka 100. Hata kama wewe si Mkatoliki, unajua kitakachofuata: vikwembe, kofia, vikombe, medali. Wachuuzi wetu wa Butembo hawangojei kuambiwa mara mbili, tunawajua.

Hatusemi zisitengenezwe. Sherehe bila kikwembe kipya si sherehe ya kwetu. Tunachosema ni kwamba zikianza kuingia sokoni, kila mtu atakusanya mpya na za zamani zitatoka kwa bei ya kutupa. Na tunasema tena: miaka 100 ile haikujengwa na waliopigwa picha peke yao. Kuna makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu milima yote. Kuna wamama waliobeba matofali ya makanisa kichwani. Na ndugu zetu Wabaptisti, Waadventisti, Waislamu wana tarehe zao na watu wao wa namna ile ile. Daftari letu ni la wote. Haliulizi mtu anasali wapi.

Namna ya kufanya

Baada ya kuzungumza na komite, tumekubaliana njia hii. Ni nyepesi, na haiombi mashine.

Kwanza, chama hakinunui medali, na hakipokei kutunza. Tukinunua, tutaamsha wizi ndani ya familia: mjukuu ataiba ya babu alete kwetu. Tena kuna sheria ya nchi ya 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Chama cha kusaidiana hakina kazi ya kuingia katika biashara ya vitu vya zamani. Medali inabaki ya familia, nyumbani mwa familia.

Pili, tunaandika. Kila kitu kinapata ukurasa mmoja wenye maswali sita: Ni kitu gani, na kimeandikwa maneno gani mbele na nyuma? Nani alipewa, jina lake lote, na jina la baba yake? Alitoka kijiji gani? Alipewa juu ya nini, na karibu mwaka gani? Nani mwingine alikuwa pamoja naye na hakupewa? Na swali la sita: nani anatueleza haya, na yeye aliyasikia kwa nani? Msiruke hilo la tano na la sita. La tano linaleta wapagazi. La sita linatuambia tuamini mpaka wapi. Kama mzee hajui mwaka, tusimsukume. Tuandike "wakati ule barabara ilikuwa inalimwa" ao "mbele ya Uhuru". Hiyo pia ni tarehe.

Tatu, picha. Mbele na nyuma, mchana, kando ya dirisha, na karibu yake tuweke kitu kinachojulikana ukubwa, kwa mfano rula ya mwanafunzi. Tusisahau utepe. Rangi za utepe ndizo zinazosaidia mara nyingi kujua ni medali gani, hata kama maandishi yamefutika.

Nne, kuisafisha: hapana. Tunajua kila mmoja akisikia wageni wanakuja anachukua majivu na ndimu anasugua mpaka inang'aa. Muache. Ndimu inakula maandishi, na ile rangi ya giza ni ngozi ya shaba yenyewe. Ipanguseni vumbi na kitambaa kikavu, basi. Muifunge katika kitambaa cha pamba ao karatasi, si katika plastiki laini, juu inashika jasho na kuleta kutu ya kijani. Na vikwembe vya kumbukumbu viwekwe mbali na jua na mbali na moshi wa jikoni.

Tano, ukurasa unaandikwa mara mbili. Nakala moja inabaki na familia, ya pili inakaa katika mji mwingine: ya watu wa Beni inatunzwa Butembo, na ya Butembo inatunzwa Beni. Tumejifunza kwamba moto na vita havikamati mahali pote siku moja.

Sita, na hii tunaisema kwa uzito: mtu asitembee na medali ya jeshi barabarani ili atuonyeshe. Mnajua vizuizi vyetu. Mwenye bunduki hatasoma historia. Atauliza ni ya jeshi gani na wewe ni wa nani. Iacheni nyumbani. Sisi tutakuja. Na majina hayataandikwa katika gazeti hili wala kubandikwa popote bila familia kukubali.

Kwa wafadhili wetu

Tunajua mnapenda kitu kinachoonekana. Kuna kati yenu waliotuuliza kwa moyo mzuri kama wanaweza kutoa sanduku la vioo ili medali ziwekwe na wageni wazione. Aksanti. Lakini sanduku la vioo leo litakuwa tangazo la wizi, na litajaa vitu vilivyonyamaza. Tunaomba vitu vya chini zaidi: madaftari yenye jalada gumu, kalamu zisizofutika na maji, pesa ya pikipiki ili vijana wawili wafike kwa mzee kabla ya mvua kukata barabara, na chakula kidogo cha kula pamoja naye. Mzee hasemi mbele ya mtu mwenye haraka.

Tunaomba pia jambo moja kwa ninyi mlio Ulaya. Mkiona kwenye soko la vitu vya zamani medali ya Kongo, msitununulie. Pigeni picha, mwulize muuzaji aliipata wapi, mtuletee jibu.

Na medali yetu sisi?

Mwisho, kuna wanachama waliopendekeza kwamba chama kitengeneze medali yake, ya kumbukumbu ya sisi tuliorudi. Wazo si baya. Mtu aliyelala nje miaka na miaka, akarudi, akalima tena, anastahili kitu kifuani kuliko wengi tunaowaona katika televisheni. Lakini kama tutatengeneza mia moja zinazofanana, zisizo na jina, baada ya miaka 50 wajukuu wetu watakuwa pale pale alipo yule mama wa Oicha: "Nilikuta inatundikwa ku ukuta."

Kwa hiyo tunapendekeza daftari litangulie. Likijaa, mkutano huu utakaa tena, kama wazee walivyokuwa wanakaa katika kyaghanda, kila mmoja na zamu yake ya kusema, na tutaamua pamoja kama kuna chuma cha kutengeneza. Na kama kipo, kila kimoja kitakuwa na jina la mtu mmoja, na namba ya ukurasa wake.

Tutaanza Jumanne kwa upande wa Mbau na Oicha, kiisha tutashuka Kamango kama barabara inaruhusu. Butembo tutapita kartie kwa kartie kuanzia mwezi ujao. Kwa sasa tunaomba kila mwanachama afanye jambo moja kabla hatujafika: akae na mtu mzee kuliko wote katika familia yake, na amwulize majina. Hata kama hamna medali nyumbani. Sana sana kama hamna.